Nyumba ya Mirihi ianze na meza na mlango

Mwaka 1973 Marekani ilirusha Skylab, kituo chake cha kwanza cha anga, na ndani yake kulikuwa na meza ya chakula yenye pembe tatu. Kila zamu ilikuwa na wanaanga watatu, na kila mmoja alikuwa na upande wake. Raymond Loewy, mbunifu aliyeitwa na NASA, shirika la anga la Marekani, kuangalia sehemu za kuishi, hakutaka meza yenye kichwa, maana anayekaa kichwani huonekana ndiye mkubwa, na watu watatu wanaoshinda pamoja wiki baada ya wiki hawana haja ya kukumbushwa kila mlo nani bosi wa nani. Loewy alidai pia dirisha. Wahandisi walinung'unika: dirisha ni tundu, na tundu kwenye ukuta unaozuia hewa isitoroke huongeza uzito, gharama na mashaka. Likawekwa. Wanaanga wakaligeuza kijiwe. Sehemu kubwa ya mapumziko yao iliishia hapo, wakiitazama dunia ikipita chini.

Naikumbuka meza hiyo kila unapotoka mchoro mpya wa makazi ya wanadamu Mirihi. Michoro ni mingi siku hizi, na inapendeza: mayai makubwa yaliyosimama jangwani, mahandaki, majumba ya barafu yanayong'aa usiku. Karibu yote inahangaika na swali moja, kwamba ukuta ujengwe kwa kitu gani. Swali ni zito, sibishi. Ila ukisoma yaliyowakuta watu waliowahi kufungiwa muda mrefu kwa majaribio, unaona kilichowasumbua zaidi kilikuwa usingizi, kelele, chakula, mahali pa kujitenga na mwenzako, na nani mwenye kauli ya mwisho juu ya siku yao. Mambo hayo yanapaswa kuingia kwenye hesabu ya uzito tangu mwanzo, pamoja na oksijeni na maji. Yakiachwa yasubiri kilo zitakazobaki, hayatapata kitu, kwa sababu katika safari za anga kilo hazibaki.

Tuumalize ukuta kwanza, tusije tukaonekana tunaudharau.

Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno. Shinikizo lake halifiki asilimia 1 ya la kwetu usawa wa bahari, na yapata asilimia 95 yake ni kaboni dayoksaidi. Ukijaza nyumba hewa ya kawaida ya kupumua, kila mita ya mraba ya ukuta itasukumwa kwenda nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 10 hapa duniani. Ni kama nusu ya upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo, isipokuwa tairi lenyewe hapa lina ukubwa wa nyumba na watu wanalala ndani. Fundi wa kwetu anaomba paa lisianguke. Fundi wa Mirihi ataomba lisiruke. Ndiyo sababu michoro hiyo yote imejaa maumbo ya duara, kwa kuwa kona ndipo mahali pa kupasukia.

Halafu kuna mionzi. Dunia inakingwa na usumaku wake pamoja na blanketi nene la hewa. Mirihi imebakiwa na kidogo sana cha vyote viwili. Kifaa kilichomo kwenye gari la Curiosity, lililotua huko mwaka 2012, kilipima wastani wa milisiverti 0.67 kwa siku (milisiverti ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili). Zidisha kwa siku 365 upate karibu 245, wakati anayefanya kazi kwenye kinu cha nyuklia hapa duniani anashauriwa asizidi wastani wa 20 kwa mwaka. NASA imemwekea mwanaanga kikomo cha 600 kwa maisha yake yote ya kazi, na safari ya kwenda na kurudi peke yake inakula kiasi kikubwa cha hizo. Kinga rahisi ni udongo mwingi, mita mbili au tatu juu ya paa, au maji na barafu.

Na huwezi kubeba nyumba kutoka nyumbani. Mzigo mzito kuliko yote uliowahi kufikishwa salama juu ya ardhi ya Mirihi ni gari la Perseverance, mwaka 2021, lenye kilo 1,025. Hewa ya huko inatosha kuunguza chombo kinachoshuka kwa kasi, lakini haitoshi kwa parachuti pekee kukisimamisha. Kwa hiyo vifaa vya ujenzi lazima viokotwe palepale. Kati ya mwaka 2015 na 2019 NASA iliendesha shindano la nyumba zinazochapwa kwa printa kubwa ya 3D. Awamu ya kwanza ilishindwa na Mars Ice House, nyumba ya barafu, kwa hoja ambayo naiona ya werevu: barafu inapunguza mionzi na bado inapitisha mwanga wa jua. Awamu ya mwisho, Mei 2019, zawadi ya dola 500,000 ilikwenda kwa kampuni ya AI SpaceFactory ya New York na yai lake la ghorofa nne liitwalo MARSHA. Roboti ilichapa mfano wa theluthi moja ya ukubwa wake huko Peoria, Illinois, kwa muda wa saa 30 hivi, kwa mchanganyiko wa nyuzi za mwamba wa basalti na plastiki inayotokana na mimea.

Ukuta, kwa maneno mengine, una watu wake, una fedha zake na una mashindano yake. Sijasikia shindano la dola nusu milioni la kitanda.

Isitoshe, ukuta na maisha ya ndani havitenganishiki kirahisi hivyo. Tarehe 26 Septemba 1991, huko Oracle katika jimbo la Arizona, watu wanane walijifungia ndani ya Biosphere 2, jengo la vioo na chuma lililofunika ekari 3 na ushee, likiwa na shamba, msitu mdogo na hata kipande cha bahari. Walikusudia kukaa miaka miwili bila kuingiza hewa wala chakula. Mpango ulikuwa mimea iwape oksijeni, nao waipe mimea kaboni dayoksaidi. Oksijeni ikaanza kushuka bila mtu kujua inakokwenda. Kutoka asilimia 20.9 ya kawaida ilishuka taratibu hadi asilimia 14 na kitu, hewa ya kupumulia mlimani zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa aliyepanda Kilimanjaro, ni kuishi katikati ya kibanda cha Horombo na cha Kibo, kisha ulime kwa jembe kila siku. Watu walishindwa kulala vizuri, wakawa wanachoka kwa kazi ndogo.

Chanzo kilipatikana mahali pawili. Udongo wa shamba ulikuwa umejazwa mboji nyingi ili mavuno yawe mazuri, na bakteria waliomo walikuwa wakila oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi. Hiyo kaboni dayoksaidi ingeonekana kwenye vipimo, ikawashtua mapema, na mimea ingeirudisha kuwa oksijeni. Lakini haikuonekana ikipanda kwa kiasi kinachotarajiwa, kwa kuwa zege lililokuwa bado bichi lilikuwa likiinyonya na kuigeuza chokaa ngumu. Ukuta ulikuwa unapumua hewa ya wenyeji. Januari 1993 ikabidi oksijeni ipulizwe kutoka nje. Kabla ya hapo, wale wanane walikuwa wamekwisha kugawanyika kambi mbili za wanne wanne zilizokuwa hazisemezani ila kwa kazi, na wote walikuwa wamekonda kwa uhaba wa chakula. Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana, na vikikaa pamoja na njaa na hewa hafifu vitavunjana.

Jaribio jingine, la Moscow, lilikuwa na hewa safi na chakula cha kutosha, kwa hiyo linatufundisha zaidi. Kuanzia Juni 2010 hadi Novemba 2011 wanaume sita, Warusi watatu, Mchina mmoja na wawili wa Ulaya Magharibi, waliishi siku 520 ndani ya mapipa ya chuma yasiyo na madirisha kwenye Taasisi ya Matatizo ya Tiba na Biolojia. Mradi uliitwa Mars-500. Hakuna aliyepigana, hakuna aliyeomba kutoka. Ukiishia hapo utasema mafanikio makubwa. Lakini walikuwa wamefungwa vifaa vya kupima mwendo mkononi, na vipimo vikaeleza habari nyingine. Kadiri miezi ilivyokwenda walizidi kutulia, wakawa wanatembea kidogo na kulala au kujilaza zaidi. Wengi wao waliharibikiwa usingizi kwa namna moja au nyingine. Kuna ambaye saa ya mwili wake iliteleza, siku yake ikawa ndefu kuliko ya wenzake, mpaka nyakati fulani yeye yuko macho wao wamelala, yeye analala wao wako kazini.

Mbunifu anayeisoma habari hiyo anapaswa kukumbuka kwamba siku ya Mirihi ina saa 24 na dakika 39. Mwili wa binadamu hautapewa nafasi ya kuchagua. Kila siku utasogezwa mbele dakika 39. Mtu huweza kuzoea akisaidiwa na mwanga: mkali wenye ubuluu asubuhi, hafifu wenye wekundu jioni. Taa za namna hiyo hazina uzito wa kutisha. Tatizo ni kwamba nyumba iliyofukiwa chini ya mita tatu za udongo haina asubuhi wala jioni nyingine yoyote, kwa hiyo taa zikipangwa ovyo hakuna cha kusahihisha.

Jambo la pili kutoka Moscow naliona kubwa zaidi. Wale sita waliripoti migongano na kituo cha uongozi nje mara tano zaidi ya migongano kati yao wenyewe. Wanasaikolojia wana maelezo yao: hasira usiyoweza kumwonyesha unayelala naye ukuta kwa ukuta, unamtupia aliye mbali. Nakubali. Lakini kuna upande mwingine. Aliye mbali ndiye anayekupangia saa ya kula, saa ya kufanya mazoezi na saa ya kujaza dodoso, na Mirihi ujumbe mmoja utachukua kati ya dakika 3 na 22 kufika, kutegemea sayari mbili ziko wapi. Ukiuliza "nizime pampu?" zikiwa mbali kabisa, jibu linakufikia dakika 44 baadaye. Nyumba iliyobuniwa kuendeshwa kutoka Houston, NASA inakoongozea safari zake, itakuwa nyumba ya ugomvi. Vidhibiti vya joto, mwanga, kelele na ratiba viwe mikononi mwa wakazi, na kuta nyepesi za ndani ziweze kuhamishwa nao bila kuomba ruhusa. Mpangaji anayeruhusiwa kusogeza kabati anaacha kumchukia mwenye nyumba kwa mambo mengi.

Nyumba iliyokaribia kuyaelewa haya ni Mars Dune Alpha, nyumba ya kujaribia maisha ya Mirihi hapahapa duniani, iliyochapwa kwa printa na kampuni ya ICON ndani ya ghala katika Kituo cha Johnson cha NASA, Houston, kwa mchoro wa ofisi ya usanifu ya BIG. Ina mita za mraba 158. Juni 2023 waliingia watu wanne, Kelly Haston akiwa kamanda, wakatoka tarehe 6 Julai 2024, siku 378 baadaye. Mpango wa vyumba vyake ndio unaostahili kutazamwa. Vyumba vinne vya kulala vimepangwa mwisho mmoja. Mwisho wa pili kuna sehemu za kazi, za matibabu na za kuotesha mboga. Jiko, meza na sebule ziko kati. Mtu akiamka anatoka faraghani kuelekea kwa watu, kisha kazini, na jioni anarudi njia ileile. Dari nalo halilingani, kwingine liko chini na kwingine juu, ili jicho lihisi limehama mahali. Nje ya mlango kuna uwanja wa mchanga mwekundu wa kufanyia mazoezi ya kutembea. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji teknolojia ya ajabu. Ni mpangilio tu.

Umbali kati ya vyumba vya kulala na mashine si wa mapambo. Kila kinachokuweka hai Mirihi kinazunguka na kuvuma: feni, pampu, mtambo wa kusafisha maji ya mkojo na jasho, mtambo wa kuchuja kaboni dayoksaidi. Havizimwi usiku. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mfumo wa maji ulifikia kurejesha asilimia 98 mwaka 2023, mafanikio ya kweli, nao ni mashine juu ya mashine. Anayebana nyumba ili kuokoa mita chache anasogeza kitanda karibu na pampu, na hilo halionekani kwenye picha za kompyuta kwa sababu picha haina sauti.

Sasa dirisha. Hapa wenye kukokotoa mionzi wana haki, na mimi sitaki mtu apate saratani kwa ajili ya mandhari. Wengi wanasema weka skrini kubwa inayoonyesha nje, basi. Skrini ni nzuri, lakini mtu anajua tofauti ya picha na nje, na skrini siku ya kwanza ya hitilafu ndiyo inayozimwa ili kuokoa umeme. Wanaanga wa kwanza wa Marekani, wale wa Mercury, walilidai dirisha la maana wakati wahandisi wakiwapa vitundu viwili vidogo na periskopu, nao walikuwa marubani wa kijeshi wanaokaa humo muda mfupi. Njia za kati zipo: dirisha moja lenye kioo kinene na tabaka la maji kwenye chumba ambacho kila mtu anakaa dakika chache kwa siku, au mwanga unaoletwa ndani kwa vioo vinavyoupindisha kwenye kona ili mionzi isipate njia iliyonyooka. Lipigiwe hesabu kama chujio la hewa linavyopigiwa.

Warusi walikuwa na mtu aliyeyajua haya kabla ya wote. Galina Balashova, msanifu majengo, ndiye aliyepanga rangi na samani za ndani za chombo cha Soyuz na kituo cha anga cha Mir, sakafu ya rangi iliyokolea na dari nyepesi, ili mwanaanga asiye na uzito ajue chini ni wapi. Alichora hata picha ndogo za rangi za maji, za mandhari ya Urusi, zikatundikwa kwenye sehemu ya Soyuz ambayo huungua wakati wa kurudi duniani. Picha ziliungua pamoja nayo. Gramu chache za karatasi, na zilipata nafasi kwenye hesabu ya uzito.

Kuhusu mlango wa kutokea nje nitakuwa mfupi. Chombo cha Phoenix kiligundua mwaka 2008 kwamba udongo wa huko una chumvi za perkloreti, zinazoweza kuvuruga tezi ya shingo. Mwaka 1972 Harrison Schmitt wa Apollo 17 alipata mafua ya ghafla kwa vumbi la mwezi lililoingia na mavazi. Mavazi ya nje yabaki nje, yakiwa yameshikizwa ukutani, na mtu aingie ndani yake kupitia mgongoni. Wazo lipo, limefanyiwa majaribio, lifuatwe.

Kuna pingamizi ninalolisikia mara kwa mara: hawa ni watu waliochujwa kati ya maelfu, wana nidhamu, kwenye Kituo cha Kimataifa wanalala ndani ya vijumba vidogo kama kabati na kazi inaendelea. Kweli. Lakini kawaida wanakaa miezi sita. Tangu 2010 wana kuba la vioo la kuitazamia dunia. Wanapiga simu nyumbani na kujibiwa papo hapo, meli za mizigo huwaletea matunda, na chombo cha kuwarudisha kimefungwa pembeni kikiwasubiri. Ukiondoa vyote hivyo, kisha ukaongeza kwamba nafasi nzuri ya safari kati ya sayari hizi mbili huja kila baada ya miezi 26 hivi, yule mtu aliyechujwa anabaki mtu.

Majaribio yetu pia yana upungufu wa aina moja. Februari 2018, kwenye mlima Mauna Loa huko Hawaii, kikosi kimoja kiliingia kwenye HI-SEAS, kuba la kujaribia maisha ya Mirihi, kukaa miezi minane. Siku ya nne mmoja wao alipigwa na umeme, akapelekwa hospitali, na jaribio likaishia hapo. Ilipasa iwe hivyo. Lakini maana yake ni kwamba kila takwimu tuliyo nayo imetolewa na watu wanaojua mlango unafunguka. Wataalamu walioitwa na NASA waliwahi kupendekeza kiwango cha chini cha mita za ujazo 25 za nafasi ya kuishi kwa kila mtu kwa safari ya miezi 30. Ninachoogopa ni mazoea ya ofisi: kiwango cha chini kikishaandikwa, kinageuka kuwa lengo, na anayekifikia anapongezwa kwa kutotumia zaidi.

Kikosi cha pili kiliingia Mars Dune Alpha tarehe 19 Oktoba 2025, kimepangiwa kutoka 31 Oktoba 2026. Vipimo vyao vya afya, chakula na utendaji wa kazi vitaandikwa kwa makini, nina hakika. Ningependa itolewe pia ramani ya matumizi ya nyumba: nani alikaa wapi kwa saa ngapi, milango ya vyumba ilifungwa kiasi gani mwezi wa kwanza na kiasi gani mwezi wa kumi, walikula pamoja mara ngapi, kona gani iliachwa, kona gani iligombewa. Ikipatikana kabla hesabu ya uzito ya makazi ya kwanza haijafungwa, mbunifu atakayeambiwa apunguze mita tatu za ujazo upande wa vyumba vya kulala atakuwa na cha kujibu.